Mwacheni mtoto asome Willy Gamba

Baridi ya Minneapolis inakata masikio. Leo nina neno na nyie mnaowapokonya watoto riwaya za upelelezi, eti hizo si fasihi, wasome vitabu vya mtihani.

Jamani, hapo sikubaliani nanyi! Mzimu wa Watu wa Kale wa Mohammed Said Abdulla ulichapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Ni upelelezi mtupu, Bwana Msa na kiko chake, lakini Kiswahili kimetulia. Kusisimua hakukuunyima tuzo. Baadaye akaja Elvis Musiba na Willy Gamba, Ben Mtobwa na Joram Kiango. Wangapi kati yetu tulijifunza kumaliza kitabu kizima kwa hao? Nagona ya Kezilahabi (1990) ni mlima, na mlima haupandwi na mtu asiyezoea kutembea.

Hapa mjini kuna jumba la michezo ya kuigiza liitwalo Guthrie. Lilifunguliwa mwaka 1963 kwa Hamlet ya Shakespeare, si mchezo wa mzaha huo. Lakini tangu 1975 lina desturi ya kuonyesha A Christmas Carol msimu wa Krismasi, mchezo wa kwenda na bibi na wajukuu. Kigumu na kipenzi cha wengi vinakaa chini ya paa moja, na kote waigizaji wanatakiwa kuijua kazi yao.

Sisemi kila kinachouzika ni kizuri. Vipo vitabu vya risasi na mapenzi vilivyoandikwa ovyo, makosa kila ukurasa. Hivyo tupeni! Ila mvitupe kwa sababu vimeandikwa vibaya, si kwa sababu mtoto anavifurahia.

Mtoto anayesoma kwa ajili ya mtihani tu hufunga kitabu mtihani ukiisha. Huku ndiko naliona vizuri zaidi: watoto wetu hawana mtihani wa Kiswahili wa kuwalazimisha. Wataishika lugha kwa kuipenda, la sivyo itawaponyoka, na siku moja watashindwa kuongea na bibi yao kwenye simu.

Kwa hiyo atakayekuja huku asinibebee dagaa peke yake. Aniwekee na Tutarudi na Roho Zetu ya Mtobwa. Akina Shakespeare watasubiri kidogo.