Pombe "halali" ni ipi?



Ndugu zangu Waislamu, wazazi na wanafunzi, mwanafunzi mmoja wa darasa langu la fiqhi aliuliza swali ambalo wenzake walilicheka. Alisema, "Ustadh, pombe halali ni ipi?" Alikuwa amesikia katika taarifa ya habari kwamba polisi wamemwaga "pombe haramu". Mtoto akapiga hesabu yake: ikiwa iliyomwagwa ndiyo haramu, basi iliyobaki dukani ni halali.

Hesabu hiyo si ya kuchekwa. Habari nyingi za Kiswahili zinazotufikia hapa Uganda zinatoka kwa jirani zetu wa Kenya na Tanzania, na watangazaji wamezoea kuita "haramu" kila kilevi kisicho na leseni. Kiswahili kiliyachukua maneno haya mawili, halali na haramu, kutoka katika dini yetu kikayapeleka mahakamani na sokoni. Siwalaumu watangazaji, lugha ni ya watu wote. Lakini nyumbani mzazi anapaswa kumweleza mwanawe kwamba leseni ya serikali inajibu swali jingine kabisa.

Leseni inauliza: nani anatengeneza, nani anauza, wapi, saa ngapi, kodi imelipwa au haikulipwa, na je, kinywaji kina sumu? Tazameni chang'aa ya Kenya. Ilipigwa marufuku mwaka 1980. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Kudhibiti Vileo, ile iliyojulikana kama sheria ya Mututho, ikaifuta marufuku hiyo na kusema chang'aa iuzwe kwa leseni, ndani ya chupa ya glasi. Jana "haramu", leo "halali", na kinachomlevya mnywaji ni kile kile. Hapa kwetu enguli nayo ilipita njia hiyo hiyo. Katika miaka ya 1960 sheria ilitaka mpikaji awe na leseni, na kinywaji kiende kwenye kiwanda kikasafishwe na kutiwa kwenye chupa. Ndiyo asili ya Uganda Waragi.

Sheria ya Allah (s.w.t.) haikuangalia chupa. Kila kinacholevya ni khamri, kiwe cha zabibu, cha ndizi au cha nanasi. Katika Hadithi ya Anas aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) amewalaani watu kumi kwa ajili ya khamri, na mnywaji ni mmoja tu kati yao. Wamo mkamuaji, mbebaji, mhudumu, muuzaji na anayekula thamani yake. Wengi wetu tunajihesabu kuwa tumesalimika kwa sababu hatunywi. Tuihesabu tena orodha ile.

Hapa ndipo penye uzito wa makala hii, maana siku hizi mtihani hauji kwa sura ya kilabu cha pombe. Unakuja kwa sura ya maendeleo. Vikundi vya akina mama vinafundishwa kutengeneza divai ya nanasi na ya rosela, wanapata alama ya ubora ya UNBS, picha ya tunda inapamba chupa. Mama wa Kiislamu aliye jirani yao anaombwa awauzie mananasi. Mwenye nyumba ya Kiislamu anaombwa fremu ya duka, na mpangaji ana leseni na yuko tayari kulipa kodi ya miezi sita taslimu. Ada za watoto zinadaiwa. Tusijifanye kwamba jambo hili ni jepesi.

Imam Nawawi katika Minhaj ameitaja biashara ya kumuuzia zabibu na tende mwenye kukamua khamri miongoni mwa biashara zilizokatazwa, na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakabainisha kwamba ukijua kwa yakini kuwa atakamulia khamri ni haramu, ama ukishuku tu ni makruhu. Kwa hiyo mama anayeuza mananasi yake sokoni kwa kila mpita njia hana neno. Anayepeleka mzigo mlangoni kwa mtengenezaji wa divai huku akijua, huyo ana neno. Kuhusu fremu, imepokewa kwamba Imam Abu Hanifa alilegeza katika hali fulani, lakini wanafunzi wake wawili wakubwa, Abu Yusuf na Muhammad, hawakukubaliana naye, na kwetu sisi Mashafi kukodisha mahali kwa ajili ya kuuzia khamri hakufai. Kijana anayeleta kauli ile ya kwanza kwa sababu ya kodi ya miezi sita, na katika mambo mengine yote ni Shafi, mwulizeni kwa upole amehamia lini.

Pamoja na hayo, wako ndugu wanaosema kwamba kwa kuwa pombe yote ni haramu, sheria za leseni hazituhusu. Hapo sikubaliani nao. Mwaka 2010 huko Kabale watu wapatao themanini walikufa kwa waragi iliyochanganywa na methanoli. Walikuwa baba na majirani za watu. Sheria inayomzuia muuza sumu inalinda nafsi, na kulinda nafsi ni katika makusudio ya sharia. Vipakiti vidogo vya pombe, ambavyo mtoto aliweza kuvificha mfukoni mwa sare ya shule, vilikatazwa Tanzania mwaka 2017 na hapa Uganda mwaka 2019. Sisi ni wachache katika nchi hii na hatuna haja ya kumkataza jirani asiye Mwislamu kinywaji chake. Lakini kiko wapi, kinafunguliwa saa ngapi, kiko umbali gani na madrasa, hayo tuna haki ya kuyasemea kama raia wengine.

Sheria ile ya Kenya ya 2010 ilitaka duka la pombe liwe umbali wa mita 300 au zaidi kutoka shule za watoto, na ilimruhusu mtu yeyote kuyapinga maombi ya leseni. Sisi tuna desturi ya kunung'unika baada ya swala ya Ijumaa wakati baa imeshafunguliwa na muziki umeshaanza. Ukiona fremu inapakwa rangi na meza zinaletwa, nenda kwa mwenyekiti wa LC1 wiki hiyo hiyo, uliza leseni imeombwa wapi na nani anaitoa, na pingamizi lako liandike kwa karatasi, si kwa mdomo. Nenda na wazazi wa shule jirani. Mwombe na mchungaji wa kanisa lililo karibu atie saini, huenda naye analalamikia baa hiyo hiyo.

Wallahu a'lam.