Kidole Kwanza

Mwaka jana mteja mmoja wa ng'ambo alinilipa dola 12 niandike makala kuhusu kisukari na ubongo. Hiyo ndiyo kazi yangu tangu niache chuo nikiwa mwaka wa tatu: kuandikia watu nisiowajua mambo ambayo sikusomea. Nilikuwa kwenye aya ya pili mama akapiga simu kutoka upande wa Litein. Akaniuliza kama nimekula. Baada ya dakika ishirini akapiga tena, akaniuliza kama nimekula. Nikacheka, nikamwambia, mama, umeanza kuzeeka. Ana miaka 52.

Nikarudi kwenye makala, na kicheko kikaisha.

Kuna mashine ya picha inayoitwa PET. Unadungwa sukari yenye alama ya mionzi, kisha mashine inaonyesha ni sehemu gani za ubongo zinaila na ni zipi zinalala njaa. Mwaka 2015, Auriel Willette na wenzake walichapisha picha za watu 150 wa Wisconsin, Marekani. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 60 hivi, akili zao bado timamu. Wale ambao miili yao inakaidi insulini, ubongo wao ulikuwa unakula sukari kidogo, hata katika sehemu ambazo ugonjwa wa Alzheimer huzishambulia. Na waliokuwa na upungufu huo kwenye sehemu ya kumbukumbu walifanya vibaya zaidi mtihani wa kukumbuka.

Picha hizo hazithibitishi kwamba kisukari ndicho kinacholeta Alzheimer. Nakubali. Lakini haziko peke yake. Utafiti wa Rotterdam uliochapishwa 1999 ulifuatilia wazee kwa wastani wa miaka miwili hivi, ukakuta wenye kisukari wana hatari karibu maradufu ya kupoteza akili uzeeni. Na mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet iliorodhesha mambo 14 ambayo binadamu anaweza kuyafanyia kitu ili kupunguza hatari hiyo. Kisukari kimo.

Sasa tuje kwetu, Kericho na Bomet, mahali ambapo chai bila sukari ni matusi kwa mgeni.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba karibu Wakenya tisa kwa kila watu wazima kumi hawajawahi kupimwa sukari. Hawajawahi hata mara moja! Mama alikuwa mmoja wao. Nilipomsukuma aende, zahanati moja ilimwambia stripu zimeisha, aje wiki ijayo. Akaenda wiki ijayo, nauli ya boda juu, akaambiwa vilevile. Mara ya tatu alipimwa kwenye duka la dawa kwa shilingi mia moja. Ikasoma 14.2. Alikuwa ametembea na hiyo sukari kwa miaka mingapi, akichuma majani kwenye mvua, na sisi tukisema amechoka tu?

Wako watakaoniambia wazee husahau, ni kawaida. Miaka 52 si uzee, bana. Wengine watasema huu ni ugonjwa wa Wazungu, na kweli, mwaka 2001 watafiti waliripoti kwamba Wayoruba wa Ibadan walipata Alzheimer kwa kiwango kisichofika nusu ya kile cha Wamarekani weusi wa Indianapolis. Mimi hiyo hainitulizi. Inanionyesha kwamba maisha ya mahali yanaweza kuwa na mkono katika jambo hili, na maisha yetu yanabadilika haraka.

Halafu kuna mheshimiwa atakayeahidi kutuletea mashine ya PET na kukata utepe. Dawa inayotumika sana kwenye picha hizo hupoteza nusu ya nguvu zake kila dakika 110. Ukiipakia Nairobi na safari ikachukua saa nne, inafika Kericho zaidi ya robo tatu imeshaisha. Aachane na utepe. Tunachohitaji kinaingia mfukoni.

Na asituambie watu wa majani chai hawafuatiliki. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, mradi wa Walter Reed wa jeshi la Marekani umefanya utafiti wa HIV Kericho, ukiwaandikisha wafanyakazi wa mashamba ya chai na familia zao, ukiwachukua damu na kuwafuatilia. Watu walifika. Damu yao ilipotakiwa, njia ya kuwapata ilipatikana. Ubongo wao nao uko mahali palepale.

Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa kijamii 100,000, na kwenye mikoba yao kuna mashine ya kupimia sukari. Safi. Lakini mashine bila stripu ni pambo. Mkulima mdogo hufika kituo cha majani kila wiki, na bonasi ikitoka hakosi. Mpimeni hapohapo, kila aliyefikisha miaka 40, mara moja kwa mwaka. Atakayekutwa na sukari apewe dawa karibu na kwake, asirushwe hadi mjini.

Nawe uliye Roysambu au Rongai, ambaye kila mwisho wa mwezi unatuma nyumbani ya sukari na unga: mara ya mwisho umeuliza sukari ya mzee wako inasoma ngapi ni lini?

Mama sasa anakunywa chai bila sukari na analalamika kila siku. Bado huniuliza jambo moja mara mbili. Sijui kama ni sukari, ni uchovu, au ni upweke wa mtu ambaye watoto wamehamia mjini. Jumamosi naenda nyumbani na stripu 50. Mhudumu wa kijiji chetu amekubali tuketi pamoja pale kituo cha majani, tuanze na wale watakaokuwa kwenye foleni.