Tamko la Chama Kuhusu Jua, Maji na Mtoto wa Jicho

Sisi wahudumu wa afya ya macho wa Unguja na Pemba, tukiwa katika mkutano wetu mkuu, tumekubaliana kutoa tamko hili kwa wakulima wa mwani, wavuvi, wauza miwani na mamlaka husika.

Mtoto wa jicho ndiye anayeongoza duniani kwa kupofusha watu. Umri ndio sababu kubwa. Kisukari, sigara na kuumia jicho huchangia. Jua nalo limo. Mwaka 1988 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wavuvi 838 wa Ghuba ya Chesapeake, Maryland, nchini Marekani. Mionzi ya urujuanimno aina ya B iliyompiga mvuvi maishani mwake ikiwa maradufu, hatari ya kupata ukungu kwenye tabaka la nje la lenzi ilipanda mara 1.6. Kwa ukungu unaoanzia kwenye kiini cha lenzi, uhusiano huo haukuonekana. Tunalisema hili wazi kwa sababu hatupendi mgonjwa aambiwe ni jua tu, na sukari yake hata haijapimwa.

Hao ni wavuvi wa Maryland, mbali na ikweta. Paje na Jambiani, siku za bamvua, maji hukupwa saa nne, saa tano asubuhi. Mama anayefunga mbegu za mwani kwenye kamba huinama humo mpaka jua la utosini, maji yakimfika magotini, mwanga ukimpiga kutoka juu na mwingine ukirudi kutoka majini. Mtandio unamsitiri kichwa; macho yako wazi. Wingu jepesi nalo halizuii kitu cha maana.

Kwa hiyo tunatamka kwamba pama na miwani ni vifaa vya kazi, kama zilivyo kamba na vigingi. Wanunuzi wanaowapa wakulima kamba wawape na hivyo.

Miwani iwe ya kuzuia mionzi hadi nanomita 400, ile yenye alama ya UV400. Weusi wa kioo si kinga. Kioo cheusi kisichochuja mionzi huifanya mboni ipanuke, na mionzi ikapata njia pana zaidi. Alama yenyewe ni karatasi, yeyote anaweza kuibandika; tunazitaka mamlaka za viwango ziipime miwani inayouzwa barabarani badala ya kusoma karatasi. Asiye na uwezo wa vyote viwili aanze na pama.

Kwa aliyekwisha kupata ukungu, hakuna matone wala mitishamba ya kuuyeyusha. Tiba ni upasuaji: lenzi iliyoharibika hutolewa, ya bandia ikawekwa. Dawa za kienyeji za kutia jichoni zinaweza kuunguza kioo cha jicho na kuacha kovu ambalo upasuaji huo hauliondoi. Wanaoziuza waache.

Kina mama hawawezi kuacha bamvua waje kupanga foleni hospitali. Wanachama wetu watakwenda ufukweni kuwapima, maji yakianza kujaa nao wakitoka na magunia yao, na mwenye ukungu ataandikiwa rufaa papo hapo.