Subira Si Kunyamaza Ukiibiwa

Dada zetu wa Unguja na Pemba. Leo hatuji na mishono mipya. Tunakuja na jambo linalotuwasha.

Sisi ni wanawake watano tunaoshona pamoja hapa Dodoma, wengine ni wazaliwa wa visiwani tuliowafuata waume zetu huku. Ramadhani iliyopita tuliagiza lesi za magauni ya Idi kwa muuzaji wa mtandaoni. Picha nzuri, wafuasi wengi, bei ya kuvutia. Akasema tutume pesa kwanza, mzigo utapanda basi la usiku kutoka Dar es Salaam, asubuhi tuupokee stendi ya Nzuguni. Tukatuma shilingi 420,000. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu, si la duka. Tuliliona, na bado tukabonyeza namba ya siri. Asubuhi stendi hakuna mzigo. Mchana alishatufungia, hatumpati kwa simu wala kwa ujumbe.

Pesa ile ilikuwa advansi za wateja. Tuliwarudishia kidogo kidogo mpaka Idi Kubwa.

Kilichotuuma zaidi ni ushauri tuliopewa. "Mwachieni Mungu." "Hiyo ni kafara yenu." "Nyamazeni, mtachekwa." Nasi tukanyamaza. Haukupita muda, jirani yetu wa Majengo akaibiwa kwa picha zilezile, duka limebadilishwa jina tu. Kimya chetu ndicho kilichompelekea mwizi mteja mwingine.

Basi tunasema wazi: hiyo si subira. Sadaka unaitoa kwa mkono wako na kwa nia yako. Ulichotapeliwa ni wizi. Wala dini yetu haikutufundisha uzembe kwenye mali. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana deni na kuweka mashahidi. Kama deni la mtu unayemjua linataka maandishi, itakuwaje pesa unayomtumia mtu ambaye hata sura yake huijui?

Na tusiambiwe kwamba mwizi hajulikani. Tangu Januari 2020 laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa nchini. Kila namba ina jina la mtu nyuma yake. Kama imesajiliwa kwa kitambulisho cha mwingine, hilo nalo ni la kufuatiliwa, na ndiyo maana kila mmoja wetu apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015. Anayekosekana ni mlalamikaji. Na askari akituuliza, "Si mlituma wenyewe?" tumjibu kwa adabu: tulituma kwa kudanganywa, na udanganyifu ni kosa.

Ukitapeliwa, usilie kwanza. Saa hiyohiyo piga simu huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia. Pesa ikiwa haijatolewa, kuna nafasi ya kuizuia. Usifute kitu: ujumbe wa muamala, mazungumzo, picha za bidhaa, vyote ni ushahidi. Ujumbe wa kitapeli utume 15040, namba ya TCRA, bara na visiwani ni hiyohiyo. Kisha nenda polisi ukachukue RB. Kama ulilipa kwa kadi, au umeona makato usiyoyajua, iambie benki ifunge kadi, nawe uandike malalamiko ya kupinga makato hayo. Usichelewe, maana muda wa kupinga una mwisho. Na atakayekupigia akisema atakurudishia pesa ukimtajia namba ya siri, huyo ni mwizi wa pili.

Sasa tujisute na sisi wauzaji. Nani kati yetu hajaandika "bei inboksi"? Nani hajabandika "bidhaa ikiuzwa hairudishwi"? Nani hajapokea advansi kwenye namba yake binafsi bila risiti? Tukiuza hivyo, mteja atatutofautishaje na tapeli? Mwizi anajificha ndani ya mazoea yetu.

Sisi watano tumeacha. Tunapokea kwa lipa namba yenye jina la biashara. Advansi inaandikwa nakala mbili, moja ya mteja. Gauni lisipokuwa tayari siku ya ahadi, mteja akitaka pesa yake anarudishiwa. Wapo wenzetu wanaotucheka, eti tunajifanya benki. Wacheke. Mteja aliyerudishiwa pesa yake bila ugomvi hurudi na dada zake.

Dada, aibu ni ya aliyeiba. Ikikufika, mwambie mumeo, waambie wenzio wa kikundi, mwambie na askari. Dua tuombe, na malalamiko tuyapeleke. Kumwachia Mungu kuje baada ya sisi kufanya letu.