Kutoka Meza ya Mchanga hadi Kompyuta

Kila askari aliyepata kukaa katika chuo cha kijeshi anaijua meza ya mchanga. Anaijua kwa mikono yake, maana ndiyo iliyouchota mchanga ule, ikaulowesha kidogo, ikaufinyanga kuwa kilima, bonde na njia. Uzi wa buluu ulikuwa mto, visanduku vya viberiti vilikuwa nyumba, na matawi mabichi yalikuwa msitu. Mkufunzi husimama na fimbo yake akaonyesha pa kupita na pa kungojea, na kuruta aliyekuwa ameshindwa kuisoma ramani hapo ndipo anapong'amua kwamba mistari ile ya kontua ilikuwa ikimweleza habari ya mwinuko wa kumkata pumzi.

Tumeanza na meza hiyo kwa sababu leo twataka kuwashawishi askari wa jeshi na wa polisi wajifunze misingi ya kuunda maumbo kwa kompyuta. Wengi wakisikia habari hii hudhani ni mambo ya wahandisi, au ya vijana watengenezao filamu za katuni. Kwa hakika ni ile ile kazi ya mchanga. Programu humwezesha mtu kuunda kitu chenye urefu, upana na kimo, akakizungusha, akakitazama kutoka juu kama rubani na kutoka chini kama askari aliyelala kifudifudi. Mchanga huharibiwa na mvua moja. Mfano wa kompyuta hurekebishwa leo na kutumiwa tena mwakani.

Hata hivyo, kuna jambo moja ambalo kompyuta haikulibadili, nalo ndilo linalotufanya tuandike. Mfano huwa mkweli kwa kadiri ya vipimo vyake tu.

Mwandishi wa tahariri hii, alipokuwa kadeti, alikabidhiwa kazi ya kujenga mfano wa kilima kwa ajili ya mazoezi ya kesho yake. Upana aliupima kwa skeli ya ramani, lakini kimo alikikadiria kwa macho kwa kuwa jua lilikuwa linazama na chakula kilikuwa tayari. Kilima kikatokea kifupi. Mezani ilionekana wazi kwamba kundi lililo upande huu litaiona ishara ya kundi lililo upande wa pili. Kesho yake uwanjani mgongo wa kilima uliwaficha hawa na wale, na kundi moja lilingojea mvuani saa mbili ishara ambayo ilikwisha kutolewa zamani. Hakuna aliyeumia, maana yalikuwa mazoezi. Adhabu aliyopewa kadeti yule hatuna haja ya kuieleza.

Kosa kama hilo ndani ya kompyuta ni la hatari zaidi. Kilima cha mchanga chajulikana na wote kuwa ni mchanga. Kilima cha kompyuta huja na majani, vivuli na rangi ya jua la jioni, na mtazamaji husahau kuuliza nani alikipima.

Wanajeshi wa Uganda hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa uzito wa jambo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976 makomando wa Israel walitua Entebbe kuwachukua mateka waliokuwa katika jengo la zamani la uwanja wa ndege. Kampuni ya ujenzi ya nchi hiyo, Solel Boneh, ilikuwa imeshiriki katika ujenzi wa uwanja ule, na michoro iliwafikia wapangaji wa shambulio. Makomando wakajizoeza kwao juu ya mfano wa jengo kabla ya kupanda ndege. Askari wetu walikufa usiku ule. Waliokuja walikuwa wakilijua umbo la mahali ambapo hawajakaa, na somo hilo lina pande mbili: faida ya aliye na vipimo, na hasara ya aliyeviacha vikatoka.

Kwa sababu hiyo hiyo twatahadharisha mapema. Anayejifunza asianze kwa kuiunda kambi yake, ghala lake wala kituo chake, na kazi ya ofisi asiipeleke katika programu zinazohifadhi kila kitu katika mitambo ya nchi za nje. Zipo programu zinazofanya kazi ndani ya kompyuta yenyewe bila intaneti. Mojawapo ni Blender, iliyoanzishwa na Mholanzi aitwaye Ton Roosendaal mwaka 1994. Kampuni yake ilipokwama, watumiaji walichangishana euro 100,000 mwaka 2002 ili programu iwe huru, na tangu wakati huo yeyote huipata bila malipo. Kompyuta kuukuu ya ofisini huenda ikalikataa toleo jipya, lakini matoleo ya zamani bado yapo, nayo yatosha kabisa kwa mwanafunzi.

Ukiifungua Blender, utakuta mchemraba katikati ya uwanja. Mhimili mwekundu na wa kijani hulala juu ya ardhi, na wa buluu husimama kuelekea juu. Herufi G husogeza kitu, R hukizungusha, S hukikuza au kukipunguza. Kitufe cha Tab humwingiza mtu ndani ya umbo lenyewe, ambako atakutana na ncha, kingo na nyuso. Uso ukivutwa kwa herufi E, ukuta huzaliwa. Haya hujifunzwa kwa siku chache, na asiyechoshwa na kwata hatachoshwa nayo.

Hapo ndipo tabia mbili hutengana. Mmoja huburuta kwa kipanya mpaka jicho lake liridhike. Mwingine huandika G, kisha Z, kisha 3, na kitu chake hupanda mita 3 kamili. Halafu hubonyeza N ausome upande wenye vipimo kuhakikisha. Wa kwanza amerudia kilima cha yule kadeti. Wa pili ndiye tunayemtaka.

Polisi wa usalama barabarani watatuelewa upesi. Ajali inapotokea katika barabara ya Masaka usiku, magari hayawezi kuachwa pale hadi siku ya kesi. Konstebo huchora alama za matairi, mahali gari lilipokoma, na mahali mtu alipoangukia. Kila alama yapasa kupimwa kutoka sehemu mbili zisizohama, kama vile jiwe la kilometa na pembe ya daraja, ndipo iweze kurudishwa mahali pake baadaye. Akiwa na vipimo hivyo, askari aliyejifunza ataijenga upya barabara ile kwenye kompyuta, aone kama dereva aliyekuwa akipanda kilima angeweza kumwona mwendesha baiskeli. Akiwa hana, asiijenge. Picha nzuri isiyo na vipimo yaweza kumpeleka gerezani asiye na hatia, au ikamwacha huru aliyeua, na wakili mwerevu ataibomoa kwa swali moja.

Hapa Kampala tunao ushahidi wa thamani ya kupima kabla ya haja. Mwaka 2009 makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi yalipimwa kwa mashine za miali ya leza, kazi iliyofanywa na shirika la CyArk la Marekani. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliteketea kwa moto. Nyasi na miti viliungua. Vipimo vya mwaka uliotangulia vilibaki. Waliopima hawakujua kwamba moto ungekuja.

Na tuwakumbuke wenzetu waliopoteza viungo vitani. Hospitali ya CoRSU iliyoko Kisubi, kwenye njia ya Entebbe, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Toronto, ilijaribu miaka iliyopita njia ya kulipima gutu la mguu kwa mashine, umbo likasahihishwa kwenye kompyuta, kisha kikombe cha mguu wa bandia kikachapwa kwa plastiki. Kikombe kikikosea kidogo tu, ngozi hutoboka. Mgonjwa hatazami rangi ya picha iliyokuwa kwenye kioo.

Hatudai kwamba kila askari awe fundi wa kazi hii. Kila kombania na kila kituo kikubwa cha polisi kiwe na mmoja au wawili, nao wachaguliwe miongoni mwa makoplo na masajini, maana hao ndio wanaotembea juu ya ardhi na kushika utepe. Tumezoea kupeleka kila kozi ya kompyuta kwa maofisa, ambao mwaka wa pili huhamishwa na elimu yao ikaenda nao. Wapo pia makamanda watakaomkuta koplo akizungusha mchemraba wamwambie aache kuchezea mashine ya serikali. Twawaomba wavute kiti, wamuulize vipimo amevitoa wapi.

Anayetaka kuanza na aanze na meza ya kantini. Apime kwa utepe urefu wake, upana, kimo, unene wa ubao na nafasi iliyopo kati ya miguu, aandike yote katika daftari pamoja na tarehe, ndipo aiwashe kompyuta. Akimaliza, amwite mwenzake ambaye hakuwapo, amsomee vipimo kutoka kwenye mfano huku mwenzake akiipima meza yenyewe. Wakitofautiana hata kwa upana wa kidole, afute, aanze upya.