Mchuuzi alipie kipimo kabla ya kulipia spea

Mchuuzi anayebeba matenga ya nyanya kutoka Ilula kwenda Dar es Salaam hujua kwa kichwa bei ya tenga, ushuru wa mazao na malipo ya wapakiaji. Aulizwe pikapu yake inakwenda kilomita ngapi kwa lita moja, mara nyingi jibu ni la kubahatisha. Hapo ndipo faida ya msimu inapovujia.

Chukua mfano wa gari la petroli lililokuwa likienda kilomita 10 kwa lita, sasa linakwenda 8. Safari ya kilomita 200 iliyotumia lita 20 itatumia 25. Kwa safari 3 kwa wiki ni lita 15 za ziada, na kwa wiki 50 ni lita 750. Mwenye gari azidishe mwenyewe kwa bei ya kituo anachojazia.

Sababu za gari kula mafuta ni nyingi. Tairi zenye upepo mdogo, plagi zilizochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi na breki zinazoshika hukaguliwa bila gharama kubwa, na ndiko kwa kuanzia. Lakini iko sababu isiyoonekana kwa macho: sensa ya throto, ambayo mafundi huiita TPS. Hii huiambia kompyuta ya injini mlango wa hewa umefunguka kiasi gani dereva anapokanyaga mafuta. Hupewa umeme wa volti 5, na katika magari mengi hurudisha karibu nusu volti mlango ukiwa umefungwa na karibu volti 4 au zaidi ukiwa wazi kabisa.

Ikikaa vibaya hata kidogo, kompyuta hudanganyika. Dereva ameondoa mguu, kompyuta inaambiwa bado anakanyaga. Fikiria pikapu inayoshuka Kitonga ikiwa kwenye gia, mzigo umejaa nyuma. Injini ya nozeli iliyo sawa hukata mafuta kwenye mteremko kama huo, kwa kuwa magurudumu ndiyo yanayoizungusha. Yenye TPS iliyopotoka huweza kuendelea kunyunyiza mpaka chini. Sailensa nayo huyumba, na gari husitasita linapoondoka.

Katika magari mengi ya zamani kidogo yaliyotoka Japan, sensa hii imefungwa kwa skrubu 2 kwenye matundu marefu, makusudi ili iweze kuzungushwa. Fundi huwasha swichi bila kuwasha injini, huweka multimita kwenye waya wa ishara na ardhi, hulegeza skrubu, huzungusha taratibu hadi apate namba iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari hilo, kisha hukaza na kusoma tena. Halafu hufungua throto polepole. Namba ipande bila kurukaruka. Ikiruka, sensa imekwisha na ndipo inunuliwe nyingine.

Kwa nini basi gereji nyingi huanza na spea? Si kwamba mafundi wote ni wezi. Mwenye gari hulipa bila kinyongo kwa kitu anachokiona ndani ya boksi, lakini akiambiwa alipie kupimwa hung'aka: "Yaani kuangalia tu nitoe hela?" Fundi naye ana watoto wa kusomesha, hivyo riziki yake huitafuta kwenye kubadilisha vifaa. Lawama hapa ni ya mteja pia. Na ajabu ni kwamba sensa mpya ikifungwa bila kupimwa, inaweza kukaa vibaya kama ile ya kwanza, gari likarudi na ugonjwa wake huku pesa imekwenda.

Wachuuzi wanaotumia gereji moja wakubaliane na fundi ada ya kupima, ilipwe hata kama hakuna kitu kilichobadilishwa. Naye aandike kwenye daftari namba aliyoikuta na namba aliyoiacha. Asiyekuwa na multimita asiguse sensa hiyo kwa kusikiliza mlio wa injini. Wala asipandishe sailensa kwa skrubu ya kuzuia throto, ambayo imepangwa kiwandani.

Fuso la zamani la dizeli halimo katika habari hii. Magari yenye throto inayoendeshwa na mota ya umeme, yaliyoenea tangu miaka ya 2000, nayo hayarekebishwi kwa bisibisi; hayo hupelekwa kwenye mashine ya kusomea kompyuta.

Kabla ya kwenda gereji, mwenye gari ajaze tenki hadi juu, aandike kilomita, afanye safari yake ya kawaida, kisha ajaze tena na kugawanya kilomita alizokwenda kwa lita zilizoingia. Arudie hesabu hiyo baada ya matengenezo, kwa njia ileile na mzigo uleule.