MALEZI NA MASOMO: Mtoto wa Mukuru Aendapo Shule Kubwa

Wazazi wengi hudhani ya kuwa mtoto akiisha kupata nafasi katika shule kubwa, taabu imekwisha, na kilichobaki ni kutafuta fedha tu. Sivyo. Pengine mahali jambo hili laonekana wazi kuliko kwingine ni Mukuru kwa Reuben, upande wa mashariki wa Nairobi, kando ya viwanda. Huko jamaa nzima huishi katika chumba kimoja cha mabati, aghalabu futi kumi kwa kumi. Wengi wa wakazi wake ni vibarua wa viwandani, wafua nguo na wachuuzi, ambao wazee wao wangali wakilima mashambani. Hata hivyo mtoto wa huko huweza kufaulu sana katika mtihani, akaitwa katika shule ambazo majina yake yajulikana nchi nzima: Alliance, Mang'u, Starehe, Kenya High. Siku habari zifikapo, watu hupiga vigelegele mpaka njiani. Lakini mtoto mwenyewe, baada ya siku mbili tatu, huanza kunyamaza.

Wakubwa huuona unyamavu huo wakasema, "Anawaza karo." Ni kweli, karo yatosha kumnyamazisha mtu. Katika mwaka 2024 kiwango kilichowekwa na Serikali kwa shule za taifa kilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, mbali na sare na vitu vya bweni. Kwa kibarua alipwaye kwa siku, tena siku ambayo kazi imepatikana, hizo ni fedha nyingi mno. Ipo misaada, na mzazi asichelewe kuiomba: Wings to Fly, ulioanza mwaka 2010, na Elimu Scholarship, ulioanza mwaka 2020, ambao uliwaangalia pia watoto wa mitaa ya mabanda mijini. Mambo hayo yameandikwa mara nyingi magazetini, wala hayahitaji maneno mengi hapa.

Yasiyoandikwa ni yale yatokeayo baada ya karo kupatikana. Hubaki orodha ya vitu: sanduku la bati, godoro, mashuka, blanketi, ndoo, viatu vyeusi, kamusi. Hapo ndipo majirani huingia. Mmoja hutoa shilingi mia mbili, mwingine huleta ndoo, fundi viatu hushona mkoba asidai kitu, na kikundi cha akina mama hutoa sehemu ya akiba yao. Huu ni wema mkubwa, na mtu asiyeuona kuwa ni wema hana macho. Lakini wema huo huja na maneno yake. "Mwanangu, wewe ndiwe utakayetutoa hapa." "Mama, mtoto huyu si wako peke yako tena, ni wa ploti nzima." "Usituaibishe." Mtoto wa miaka kumi na mitano huitikia, "Ndiyo, mama," na maneno yale huyachukua mpaka bwenini.

Na matokeo yake ni haya. Kila kitu alichopewa hugeuka deni ambalo yeye peke yake ndiye ajuaye ukubwa wake. Akilala juu ya godoro lile, analala juu ya mia mbili mbili za watu wenye njaa. Je, mtoto wa namna hiyo atawezaje kupiga simu nyumbani na kusema, "Mama, mambo yananishinda"? Hawezi. Ataona kwamba amewaibia watu. Basi atasema kila mara, "Niko salama, mama, nasoma vizuri," na mama ataeneza habari hiyo ploti nzima, na mlango wa kusema kweli utazidi kufungwa.

Jambo la kwanza ambalo mtoto huyo hulificha ni kushuka kwake darasani. Yafaa wazazi wafanye hesabu hii, nayo si ngumu. Wachukue watoto 45 kutoka shule 45, kila mmoja wao alikuwa wa kwanza kwao. Wawatie wote katika darasa moja. Siku ya mtihani mmoja tu atakuwa wa kwanza, na mmoja hana budi kuwa wa 45. Huyo wa 45 hajawa mjinga kwa kuvuka mji. Angali yule yule aliyeshangiliwa. Lakini hakuna aliyemwambia hesabu hii kabla hajaondoka nyumbani, kwa hiyo akiiona namba yake hudhani ya kuwa aliitwa kwa makosa, na kwamba siku moja mwalimu atamwita ofisini amrudishe alikotoka. Wapo watoto wenye akili nzuri ambao wazo hilo limewaharibia muhula mzima, kwani mtu aaminiye kuwa hastahili kuwapo mahali hainui mkono kuuliza swali.

Tena kuna lugha. Mtoto wa Mukuru kwa Reuben huzungumza Sheng uani, Kiswahili dukani, na Kiingereza mbele ya mwalimu tu. Huko aendako atawakuta wenzake waliozungumza Kiingereza mezani tangu utotoni. Hawamzidi akili, wamemzidi mazoezi. Mtihani hausahihishi matamshi, lakini wenzake huyacheka, na kicheko huumiza zaidi ya alama. Dawa yake si kumkemea mtoto aache Sheng, kana kwamba Sheng ni ugonjwa. Apewe gazeti au kitabu asome kwa sauti jioni, mbele ya wadogo zake, mpaka sauti yake mwenyewe isimtishe.

La pili alifichalo ni kuonewa. Katika shule za Kenya mwanafunzi mgeni huitwa "mono", na pengine jina hilo huishia katika mzaha wa siku chache tu. Lakini si kila mara. Mwaka 2017 Wizara ya Elimu ilichunguza habari za wavulana wageni kupigwa na viranja usiku katika shule ya Alliance, nayo ni shule iliyoheshimika tangu ilipofunguliwa na umoja wa misheni za Kiprotestanti mwaka 1926. Mambo hayo yalipodhihirika, mwalimu mkuu alistaafu mapema. Sheria haina shaka juu ya jambo hili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 36, yakataza kumtesa mwanafunzi mwilini au rohoni, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote pamoja. Mzazi mwenye kujua hayo aweza kumwendea mwalimu mkuu kwa adabu, wala asipige magoti. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtoto ambaye hakusema. Na ni nani aliye mwepesi wa kunyamaza kuliko yule aliyeambiwa asiwaaibishe watu wa ploti nzima?

La tatu ni gumu zaidi, wala halina sheria. Mtoto huyu kwa mara ya kwanza maishani analala kitanda chake mwenyewe na kula kwa saa zilizopangwa, asubuhi, mchana na jioni. Watu hufikiri ya kuwa atafurahi. Hufurahi, kisha akiwa katikati ya wali na maharagwe humkumbuka mdogo wake, naye hajui kama jioni ile amekula. Chakula humkwama kooni. Wengine hata hufungasha mkate wao wa Jumamosi wakautia sandukuni, hata ukaota ukungu kabla ya siku ya kwenda nyumbani. Mwalimu wa bweni akiuona mkate huo asiharakishe kumwita mtoto mchafu au mwizi. Amwulize kwanza.

Kisha huja siku ya wazazi kutembelea. Motokaa hujaa uwanjani, na jamaa hutandika mablanketi majanini, wakafungua vyakula. Mama wa Mukuru huenda amepanda matatu mbili au tatu. Kikuyu si mbali, ni kama kilomita 20 tu kutoka katikati ya mji, lakini nauli haitazami umbali peke yake. Amekuja na chapati ndani ya mfuko, na viatu vyake vina vumbi la njia. Mtoto humwona kwa mbali. Kwa dakika moja huona haya, na kwa mwaka mzima huionea haya haya ile. Mama naye, kwa kuwa ana akili, huenda ameligundua, na safari ya pili asije, akisingizia kazi. Hivyo watu wawili wapendanao huepukana, kila mmoja akitaka kumfichia mwenzake aibu. Mama huyo na aende safari ya pili. Mtoto atakuja kuhitaji kukumbuka ya kuwa alikuja.

Wapo wasemao kwamba mtoto wa mabanda asipelekwe shule kubwa, bali asome karibu na kwao, asije akajidharau. Maneno hayo yasikubaliwe. Starehe yenyewe, iliyo Nairobi, mwendo mfupi kutoka mitaa hiyo hiyo ya mashariki, ilianza mwezi wa Novemba 1959 katika vibanda viwili vya mabati, nayo ilianzishwa kwa ajili ya wavulana wasio na makao waliokuwa wakirandaranda mjini. Walioianzisha ni Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Watoto waliookotwa barabarani ndio waliofungua njia, na shule ikawa miongoni mwa zile ambazo watoto wa nchi nzima huziomba, hali wengi wa wavulana wake walisoma bila ya kulipa ada. Tena Griffin, aliyeiongoza mpaka alipofariki mwaka 2005, aliweka desturi ya baraza, ambamo mvulana yeyote aliweza kusimama na kutoa lalamiko lake mbele ya wote, hata likiwa juu ya chakula au juu ya kiranja. Desturi hiyo yastahili kuigwa na kila shule yenye mabweni. Shule iwezayo kumsikiliza mdogo wake ni salama kuliko shule yenye ukuta mrefu.

Siku hizi mambo ya mtihani nayo yamebadilika, na mabadiliko huzidisha wasiwasi. Mtihani wa KCPE, uliohesabiwa kwa alama 500, ulifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Watoto wa mpango mpya walifanya KJSEA kwa mara ya kwanza mwaka 2025, wenye masomo tisa na pointi 72, na kundi lao la kwanza likaingia darasa la kumi Januari 2026. Mtoto huyo hana kaka wala dada aliyemtangulia katika njia hiyo, wa kumwambia ilivyo. Amechaguliwa pia mkondo wa masomo akiwa bado mdogo, ama sayansi na ufundi, ama masomo ya jamii, ama sanaa na michezo, na huogopa kuwa amekosea. Asidanganywe kwamba hakuna cha kuogopa. Aambiwe kuwa wenzake wote wa darasa ni wageni kama yeye.

Msomaji aliye mkulima asidhani ya kuwa haya ni ya Nairobi peke yake. Mtoto atokaye katika shule ya kijijini, aliyesomeshwa kwa fedha za ng'ombe mmoja, humchukua ng'ombe huyo mabegani kama vile yule wa mjini anavyolichukua godoro. Babu akimwambia, "Mjukuu wangu, nimeuza Ndama kwa ajili yako," atakuwa amesema kweli, lakini angeweza kuisema kweli hiyo miaka minne baadaye.

Basi katika juma la mwisho kabla ya safari, mzazi amtoe mtoto nje ya ploti, mahali pasipo majirani, amweleze mambo mawili. Amweleze ile hesabu ya watoto 45. Kisha amwambie kwa kinywa chake kwamba vitu vile alipewa, hakukopeshwa, na kwamba habari mbaya itapokelewa nyumbani sawa na nzuri. Kwa kuwa shule nyingi za bweni haziruhusu simu za mkononi, amwandikie katika karatasi namba mbili za simu: ya nyumbani, na ya mtu mzima mwingine ambaye mtoto humwamini, awe shangazi, mjomba au mwalimu wake wa zamani, kwani yako mambo ambayo mtoto humwambia shangazi upesi kuliko mama. Karatasi hiyo ishonwe ndani ya mfuko wa koti la shule, isipotee.

Na arudipo kwa mapumziko ya katikati ya muhula, asiulizwe namba aliyoshika hata kabla hajanywa chai. Aulizwe ni nani alalaye kitanda cha pili yake, na kwao ni wapi.